Taa za Breki za Baba

Harufu ya spiriti ikinifikia puani, hata kama ni nesi tu ananipangusa mkono kabla ya sindano, narudi Munyaka, mtaa wetu wa utotoni, kwenye kibanda cha mabati alimoegesha Baba gari lake kuukuu.

Gari lile lilikuwa na swichi zenye kiburi. Ya waipa ukiibonyeza inakwama ndani. Ya taa, unaibembeleza kwanza. Baba, mwalimu wa hesabu aliyetoka pande za ziwa kuja kufundisha Eldoret, hakutaka fundi aziguse. Kila Jumamosi alizifungua na kuzisugua kwa mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye spiriti, huku akizigombeza kwa Kijaluo. Majirani walitania kwamba mwalimu amefunga shule, sasa anafundisha swichi.

Iliyokuwa sugu kabisa ni ile ndogo iliyo juu ya pedali ya breki. Ilinata, na taa za nyuma zikabaki zinawaka hata baada ya Baba kuinua mguu, mpaka betri ikafa. Hapo ndipo nilipopata kazi. Gari liliegeshwa mkia ukielekea ukuta mweupe wa nyumba, ambao ndio uliokuwa mgongo wa kibanda, nami nikasimama pale nyuma nikipaza sauti: "Zimewaka! Zimezima!" Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Kisha Mama akalazwa hospitali. Baba aliniahidi kwamba swichi ikipona tu, tutaenda kumchukua.

Asubuhi moja alirudi kutoka kumwona, akaliingiza gari kibandani kinyumenyume kama kawaida, lakini hakushuka. Alitoa chupa ya spiriti, akainama chini ya usukani, akasugua kwa muda mrefu. Halafu akaniita.

"Akinyi, simama huko nyuma. Zimewaka?"

"Zimewaka!"

"Na saa hii?"

"Zimezima, Baba! Imepona!"

Nilirukaruka kwa furaha. Baba akakanyaga tena, akauliza tena. Na tena. Mama Chebet, jirani yetu, alikuwa amefika langoni na birika la maziwa. Yeye ambaye hupiga hodi akiwa bado barabarani, siku hiyo alisimama tu.

"Baba, si imepona? Twende tumlete Mama."

"Ngoja kidogo," alisema, akakanyaga tena. "Hebu niambie tena. Zimewaka?"

"Zimewaka."

Aliposhuka alinikumbatia, mikono ikinuka spiriti, akaniambia Mama amefariki alfajiri. Gari lile ndilo tulilopanda kufuata jeneza mpaka nyumbani kwetu ziwani, na swichi haikukwama njia nzima.

Sasa Baba naye amelala kule kando yake, na gari nimeachiwa mimi. Juzi swichi ilinata tena. Niliisugua mle mle kibandani, nikaketi kwenye kiti chake, nikakanyaga breki. Nilipotaka kuita mtu asimame nyuma, nikainua macho nikatazama kioo cha kuonea nyuma. Ukuta wote ulikuwa mwekundu. Nikaachilia pedali, ukarudi kuwa mweupe.

Nililia pale pale, mlango ukiwa wazi. Kumbe miaka yote ile alikuwa akiona mwenyewe. Asubuhi ile hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba taa zinawaka. Alikuwa akiniangalia mimi kwenye kile kioo, mtoto anayerukaruka kwa sababu bado ana mama, na alishindwa kushuka.