Posa ya Mwanafunzi wa Warumi

Kama Ayanle angejibu kwamba anasomea ualimu, leo angekuwa na mke. Na wala asingekuwa amesema uongo, maana ualimu alikuwa anausomea kweli. Lakini msomi ukimuuliza swali, hakomei kwenye jibu.

Ilikuwa siku ya posa, nyumbani kwa Mzee Nuh, mfanyabiashara wa mifugo mjini Garissa. Kwa desturi mposaji hubaki kwao akitafuna kucha, wazee wakamsemee. Mzee Nuh akakataa. Alitaka amwone kwa macho yake huyu kijana aliyekutana na binti yake Hinda chuo kikuu, akampenda hata kula akawa anakula kwa kukumbushwa. Basi Ayanle akaja na Sheikh Ogle, ndugu wa marehemu baba yake, wakakaa mkekani na mwenye nyumba. Arbia, mama yake Ayanle, akapelekwa kwa wanawake, upande wa pili wa pazia.

Mzee akauliza kijana anasoma nini. Historia ya Warumi, akajibu, tangu mji wao ulipoanzishwa mpaka jamhuri yao ilipovunjika. Mzee akapendezwa, akauliza swali ambalo kila mtu wa huku lazima aulize: hao ni wana wa nani?

Loo, hapo ndipo Ayanle alipojipalia makaa. Mtoto aliyekariri nasaba yake mpaka babu wa ishirini kabla hajajua kufunga kamba za viatu atashindwaje na ya Warumi? Akawataja wafalme wote saba. Akaeleza jinsi watu walivyowachoka wafalme, wakachagua wakuu wawili wa kutawala mwaka mmoja tu, kila mmoja na ruhusa ya kumkatalia mwenzake. Mzee Nuh akacheka mpaka akafuta macho. Akasema hao walikuwa Wasomali waliopotea njia.

Posa ilikuwa imeiva. Mtu mwenye akili angeomba chai. Lakini mzee alitaka kujua huyo mfalme wa kwanza alilelewa na nani, na Ayanle, kwa kinywa chake mwenyewe, akasema yeye na pacha wake walitupwa mtoni, wakaokotwa na mbwa mwitu jike, akawanyonyesha.

Mzee Nuh akageukia upande wa sheikh. Ikiwa mtoto akinyonya kwa mama asiye wake huwa mwana wa mama huyo, na wanawe huwa ndugu zake asioweza kuoana nao, je, Warumi si ndugu wa mbwa mwitu? Na ndoa zao zilikuwa halali? Ayanle akajaribu kusema kwamba hiyo ni hekaya tu. Hakuna aliyemsikiliza. Wazee wawili waliokutana kwa ajili ya ndoa moja wakawa wanahakiki ndoa za mji mzima uliokwisha kuzikwa.

Sheikh Ogle akafikiri sana, kisha akatoa hukumu. Maziwa ya mnyama hayafanyi undugu. Yangefanya, basi waliokunywa maziwa ya ngamia mmoja wasingeoana, na kijiji chao kizima cha Hadado kingekufa bila harusi. Undugu ni maziwa ya mwanamke, mtoto ashibe mara tano kabla hajatimiza miaka miwili.

Ayanle akashusha pumzi. Warumi wamesalimika, na Hinda ni wake.

Ndipo sauti ya mama yake ikatoka nyuma ya pazia. Maskini Arbia, alitaka kumpamba mwanawe, watu wajue hakutoka kwa mbwa mwitu. Akasema yeye ana maziwa ya baraka. Mwaka wa ukame, huko Hadado, alimnyonyesha Ayanle titi moja, na la pili akampa mtoto wa mgonjwa aliyekimbizwa hospitali Garissa. Miezi miwili. Hata jina la mtoto hakuambiwa, bibi yake aliogopa kijicho.

Kisha akasikika mke wa Mzee Nuh.

"Bibi huyo alikuwa na jicho moja?"

"Moja," akasema Arbia. "La kushoto."

Mzee Nuh akaruka kutoka mkekani. Miaka yote hiyo alikuwa akimwombea mwanamke aliyemwokoa mtoto wake Hinda, na mama yake, bibi huyo wa jicho moja, alikufa bila kumtajia jina! Akamkumbatia Ayanle, akamwita mwanangu, akaamuru mbuzi achinjwe. Sheikh Ogle akasoma dua. Wanawake wakapiga vigelegele. Ayanle hakupata hata mtu mmoja wa kumpa pole.

Hinda akaitwa kutoka jikoni, akaelezwa. Akasimama mlangoni.

"Kaka yako huyo," mama yake akamwambia. "Unamfichia nini?"

Akavua nikabu, kisha mtandio. Nywele zikamwagika mpaka kiunoni. Ayanle akainamisha macho kwa mazoea, Arbia akamwambia ayainue, hapana haramu hapo. Akayainua, akatazama, machozi yakamtiririka mpaka ndevuni.

"Wallahi," akasema Mzee Nuh, "kijana huyu anajua kupenda ndugu."