Kanga Aliyofungiwa Mama

Mnaniona mzima, ila kusamehe bado. Niliyemuuguza ni mama yangu. Aliyenitesa ni kaka yangu Masanja.

Mama alilima mpunga Magu, mwanamke wa maneno mengi na kofi jepesi. Siku moja akasonga ugali kwa sabuni ya unga, ndipo tukajua ni ugonjwa wa kusahau. Alipokuwa bado na akili zake alituambia mimi na Masanja, "Nikishindwa kumeza msinilazimishe. Nifie kitandani." Masanja aliitikia kabisa.

Nikamleta kwangu Nyegezi. Miaka minne nilimwogesha na kumbadilisha nepi, mgongo ukaniharibika, presha ikapanda. Mwaka jana akawa hamezi tena. Uji ulimpalia mpaka midomo ikabadilika rangi.

Daktari akaniambia, "Dada, mpira wa kumlishia puani hautamponya mama yako. Tumpe dawa ya maumivu, mkae naye nyumbani."

Nikakubali. Masanja akatua kutoka Dar, hajamwona mama mwaka mzima. "Mtoto wa kiume nipo, wewe unaamua mama afe njaa?" Ukoo ukamsikiliza yeye. Mama akalazwa hospitali, mpira ukawekwa.

Sikubishana. Nilimkabidhi beseni na nepi, nikamwambia, "Haya, muuguze," nikaondoka. Nilitaka aone cha moto.

Siku ya tatu nilirudi wodini. Mama alikuwa amefungwa mikono kwenye chuma cha kitanda, kwa kanga yake mwenyewe. Viganja vimevimba. Masanja alikuwa analia. "Dada, anauvuta tu. Ningefanyaje?"

Hapo najilaumu mpaka leo: nilitaka kumkomoa Masanja, aliyeumia ni mama.

Nikamwambia, "Mfungue wewe. Na karatasi ya kutoa mpira utasaini wewe."

Akafungua. Akasaini. Mpira ukatolewa, mama akakaa nyumbani kwangu siku tano, nikimlowanisha midomo kwa pamba, akaondoka kwa utulivu.

Msibani Masanja akasimama kueleza alivyompigania mama. Nikajifunga ile kanga kichwani, nikakaa mbele yake. Alikohoa, akasema asanteni kwa kuja, akakaa.

Namshukuru Mungu, na daktari yule aliyesema kweli. Presha imeshuka, nalala. Ninyi wenye wazazi, waulizeni wanavyotaka kuuguzwa mwishoni wangali wanawajua kwa majina, muandike, na kila mtoto atie saini.

Masanja bado huja kunisalimia. Kitanda chake namtandikia kanga ile. Hajawahi kuniuliza kwa nini.