Jumamosi za Kukosoana Picha

Nilianza kujifunza kupiga picha kwa sababu ya hasira. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha shule ya wasichana pale Lindi. Bwana mmoja wa idara ya elimu alikuja kutukagua, na kabla ya kuondoka akatupanga uwanjani, walimu na wanafunzi, akatupiga picha. Ilipoletwa, kila mtu alijitafuta akajiona. Mimi nilijiona nusu. Nilikuwa nimesimama mwisho wa mstari, na ukingo wa picha ulikuwa umepita katikati ya uso wangu: jicho moja ndani, jicho moja nje.

Nikaipeleka kwa mpiga picha mwenye studio karibu na soko. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Lindi, mtu mzima, mwembamba, kucha zake zimegeuka rangi ya hudhurungi kwa dawa za kusafishia picha. Mji mzima ulimwita Fundi. Nilimwamkia, nikamuuliza kama anaweza kuirekebisha.

"Marahaba, Mwalimu," alisema, akaisogeza picha kwenye mwanga wa dirisha. Akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Kilichoachwa nje hakirudi ndani. Aliyepiga alitazama katikati tu, hakutazama pembeni."

"Na wewe unatazama wapi?"

"Njoo Jumamosi alasiri uone. Ninao wanafunzi watatu. Wewe utakuwa wa nne."

Shangazi yangu, niliyekuwa nikikaa kwake mtaa wa Rasbura, hakupenda. Aliuliza kama kuna mwanafunzi mwingine mwanamke. Nikamwambia hakuna, ila mlango wa studio huwa wazi, na mke wa Fundi hukaa pale pale akipunguza kingo za picha kwa mkasi. Alifikiri siku mbili. "Nenda," akasema, "lakini kila ukirudi unieleze mlichofanya, neno kwa neno." Nami nilifanya hivyo. Huenda kule kumsimulia ndiko kulikonifundisha zaidi, maana shangazi hakuwa mtu wa kukubali jambo asilolielewa.

Wenzangu walikuwa karani wa forodha, dresa wa hospitali, yaani mfunga vidonda, na mshonaji nguo wa pale Rasbura ambaye cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya tatu kutoka kwetu. Kamera ya kujifunzia ilikuwa moja, ile ya sanduku, nyeusi, yenye kidirisha juu. Unaishika tumboni, unainamisha kichwa, na ndani ya kidirisha unaiona dunia ndogo, kulia kumegeuka kushoto. Mkanda mmoja wa filamu ulitoa picha nane. Tulikuwa wanne, kwa hiyo kila mmoja alipata mbili kwa juma, na kamera ilizunguka mikononi mwetu toka Jumapili hadi Alhamisi. Ijumaa Fundi aliusafisha mkanda. Jumamosi picha zilibanwa kwa pini kwenye ubao, kila moja ndogo kama kiganja, nasi tukazisogelea hadi mabega yakakaribia kugusana.

Fundi hakutufundisha kwa maelezo. Alikuwa na sharti moja: mwenye picha anyamaze, wenzake waseme. Wakimaliza wote, ndipo naye aseme neno lake.

Jumamosi ya kwanza alinionyesha picha ya karani. Ilikuwa imepigwa gatini: mchukuzi mmoja amesimama mbele ya ghala la forodha.

"Mwalimu, sema."

"Ni nzuri," nikasema.

"Hilo neno hapa halitumiki. Wala baya halitumiki. Niambie jicho lako limeanzia wapi, likaenda wapi, likatokea wapi."

Nikatazama. Sikuona kitu. Nilikuwa nimezoea kuwasimamisha watoto wa watu darasani mpaka wajibu, na leo nilikuwa nimesimamishwa mimi. Dresa alianza kukohoa. Mke wa Fundi aliacha kukata akanitazama, nami nikaapa moyoni kwamba siondoki mbele ya ubao ule kabla sijaona kitu, hata kama watu wataswali Magharibi nami ningali hapo.

"Limeanzia kwenye nguzo ya bendera," nikasema mwishowe, "maana nguzo imeota kichwani kwa mchukuzi."

Karani akafumba macho. Alikuwa hajaiona. Alikuwa amesimama pale gatini, nguzo ndefu kuliko nyumba, na hakuiona.

"Angefanyaje?" Fundi akaniuliza.

"Angesogea."

"Hatua ngapi?"

Nikatazama tena. "Mbili. Kushoto."

"Haya," akasema, akaenda kwenye picha ya pili.

Nilirudi Rasbura nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Juma lililofuata zamu yangu ikafika. Nikampiga shangazi mlangoni kwake, mara mbili, nikiwa na hakika nimeepuka nguzo zote za dunia. Jumamosi picha zikabanwa ubaoni, nami nikanyamaza kama ilivyopasa. Mshonaji alizitazama, kichwa kakiinamisha upande, kama anavyotazama pindo la suruali.

"Mwalimu amepiga picha ya mchanga," akasema. "Theluthi mbili ni mchanga. Mlango upo, na mlangoni kuna kitu. Nadhani ni mtu."

Wote wakacheka, na Fundi naye. Nilipoichukua picha nikampelekea shangazi, aliishika karibu na pua yake, akaigeuza. "Na mimi niko wapi hapa?" akauliza. Hakuwa akitania.

Usiku ule usingizi haukuja. Niliinuka, nikachukua jalada la daftari kuukuu, nikakata katikati yake tundu la mraba, ukubwa wa kidirisha cha kamera. Kama kamera ilikuwa yangu siku chache tu katika juma, jicho lilikuwa langu siku zote. Nikatembea na jalada lile. Asubuhi nikienda shule nililiinua nikatazama kupitia tundu: wanawake kisimani, mlima wa chumvi kwenye mikeka, mshonaji mwenyewe akivuta uzi. Nikasogea mbele, nikarudi nyuma, nikachuchumaa, mpaka vilivyomo vikatosheana na visivyotakiwa vikatoka. Watu wa Rasbura walianza kumuuliza shangazi kama nina homa. Yeye aliwajibu kwamba nafanya kazi.

Na kila Jumamosi nilikosoa. Nilijifunza tabia za wenzangu kwa picha zao kuliko kwa maneno yao. Karani alisimama mbali na kila kitu. Mabosi wa forodha walikuwa wamemzoeza kutosogea bila kuitwa. Mshonaji alikuwa na kingo safi kuliko sisi sote, lakini watu wake walikaa wima kama nguo zilizotundikwa. Dresa alisogea karibu, karibu mno, maana watu aliowajua walikuwa wagonjwa nao hawakukimbia. Kosa nililoliona kwa mmoja wao Jumamosi, Jumatatu nilijikamata nikikaribia kulitenda mwenyewe. Picha zangu zikaanza kutulia. Ulimi wangu nao ukaanza kuwa mkali, na niliufurahia.

Siku moja dresa alileta picha ya bibi mzee ameketi kwenye kigoda, barazani hospitali. Uso ulikuwa umejaa mwanga, na mkono wa kulia umelala juu ya goti. Lakini upande wa pili ukingo ulikuwa umepita begani. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema.

"Jicho linaanzia usoni, linashuka mkononi, halafu linatafuta mkono wa pili haliuoni. Mpiga picha amemwibia bibi mkono. Nafasi alikuwa nayo, upande ule mwingine kuna ukuta mtupu mpana. Hakutazama pembeni. Ni kosa la siku ya kwanza."

Nilisema kwa sauti ya darasani. Karani akatikisa kichwa kukubali. Mshonaji akasema naye angesema hivyo hivyo. Kisha zamu ya mwenye picha ikafika.

Dresa alisogea ubaoni. "Mkono wa pili hana," akasema. "Ulikatwa mwezi uliopita. Mimi ndiye ninayemfunga bandeji. Nilipomwomba picha alikataa, siku ya pili akaniambia, nipige, mwanangu, lakini uniweke upande wenye mkono."

Fundi alikwenda kwenye ubao akaibandua picha ile polepole, akampa dresa mkononi, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Sikuomba radhi pale pale; niliondoka na wengine. Jioni ile nilipomsimulia shangazi, nilijaribu kuiruka sehemu hiyo. Aliona kwamba nimeruka. Nikarudi nikaisema yote, naye akaniuliza, "Kwani ulishindwa kumuuliza kwanza?"

"Sharti ni mwenye picha anyamaze, Shangazi."

"Anyamaze yeye. Picha ungeiuliza."

Jumamosi iliyofuata dresa hakuja. Jumatatu baada ya shule nikaenda hospitali. Nilimkuta akichemsha vyombo. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba kama ameacha kuja kwa ajili yangu, basi mimi ndiye nitakayeacha.

"Sikuacha," akasema. "Nilikuwa na zamu. Lakini nilikasirika, siwezi kukuficha." Akakung'uta maji kwenye koleo la kuopolea vyombo. "Ulisema ulichokiona, na ulikuwa kweli umekiona. Ungeongeza tu: kwa nini? Ukingo ule niliuweka kwa makusudi, Mwalimu. Ndiyo mara ya kwanza nimeweka ukingo kwa makusudi."

Tangu siku ile, kabla ya kukosoa nilijiuliza mpiga picha alitaka nini. Mara nyingi hakutaka chochote, alibonyeza tu. Lakini mara nyingine alikuwa ametaka, na kumwambia ameshindwa wapi kulifikia alilolitaka kulimsaidia zaidi kuliko kumwambia ningefanya mimi nini.

Likizo ya mavuno ilipofika, Fundi alinipa kamera niende nayo nyumbani. Mkandani zilikuwa zimebaki picha mbili. Nilipanda lori hadi Kivinje, nikalala kwa jamaa zetu, kesho yake nikapanda jingine nikashukia Somanga, na kutoka hapo ni miguu hadi kwetu, juu vilimani Matumbi. Mama yangu alikuwa hajawahi kupigwa picha. Nilikuwa nimeazimia kurudi Lindi na uso wake, uso mtupu, mkubwa, wenye mwanga kama ule wa yule bibi.

Mama alikuwa na nia yake. Alivaa khanga mpya, akamwita baba, akawaita wadogo zangu, akawapanga wote pamoja naye mbele ya nyumba, mikono ubavuni. Nikapiga ile, maana aliyenizaa ndiye aliyeipanga. Ikabaki moja.

"Sasa nataka nikupige peke yako," nikamwambia. "Uso tu."

"Uso tu wa nini? Na ghala?"

Mpunga wa mwaka ule ulikuwa umeiva vizuri, na ghala lililojengwa juu ya nguzo lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Kila niliposogea karibu ghala lilitoka. Niliporudi nyuma lilirudi, likamwota kichwani. Nikahangaika kwa jalada langu mpaka jua likaanza kulala, mama akachoka kusimama, akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa akaanza kupepeta. Ndipo nikapiga magoti mbele yake, chini kabisa, na ghala likapanda upande wa kushoto, mbali na kichwa chake, na uso wake ukabaki na nafasi yake. Nikasubiri makapi yatulie. Nikabonyeza.

Lindi, picha hizo mbili zikabanwa ubaoni, nami nikanyamaza. Mikono yangu niliificha nyuma. Karani alisema jicho lake limeanzia kwenye ungo. Mshonaji alisema ukingo umekata kisigino cha mama. Ilikuwa kweli. Dresa aliinamia picha ya ghala.

"Ghala limepewa nafasi kubwa kama mtu," akasema. "Nadhani mama mwenyewe alilitaka. Na hapa chini kuna mtu wa pili."

Aliweka kidole. Ukingoni chini kulikuwa na kivuli cha kichwa changu na mabega, kimelala juu ya mchanga karibu na miguu ya mama. Nilikuwa nimetazama pembe zote nne, nikasahau kwamba jua liko mgongoni kwangu.

Nikamgeukia Fundi. "Mwanzo ulikosea kama kila mtu anavyokosea," akasema. "Hili ni kosa lako mwenyewe. Hatua moja kulia, na upige jua likiwa bado juu."

Nilimpelekea mama picha zote mbili likizo iliyofuata. Ile ya ghala aliitazama kwa adabu, akanirudishia. Ile ya kupangwa aliichukua, akaibandika ukutani kwa uji wa muhogo.

"Mbona unaipenda hiyo?" nikamuuliza. "Umekauka kama mti."

"Hapa nimesimama na watu wangu," akasema. "Katika ile umenikalisha chini, umelikweza ghala. Mtu atasema mwenye mali ni ghala."

Miongoni mwa wote waliowahi kukosoa picha ile, yeye ndiye aliyeliona kosa kubwa kuliko yote, na hakuwa amekaa mbele ya ubao wa Fundi hata siku moja. Nilimuuliza kama anaweza kusimama tena kesho, asubuhi, kabla ya kwenda shambani. Safari hii nilikuwa nimekuja na kamera na mkanda mzima, picha nane.

"Nisimame wapi?" akauliza.

Nikatoka nje kutafuta mahali.