Mama Mkwe na Ziwa Lililofungwa

Watu wa kwetu wakitaka kunichokoza, huniuliza ziwa linafungwa lini na mama mkwe anakuja lini. Nawaambia wanitolee balaa. Kisha nacheka nao, maana nisipocheka watacheka bila mimi.

Ziwa letu ni dogo. Liko nje kidogo ya Ifakara, mahali ambapo mto ukifurika huacha maji na kusahau kuyafuata. Tulivua humo bila kufikiri, mpaka perege wakawa wadogo kama kiberiti na kambale wakubwa wakabaki wa kusimuliwa. Wengine walilaumu mto, wengine wakalaumu dawa za mpunga. Mimi nikasimama mkutanoni, kwa mbwembwe zote, nikasema wa kulaumiwa ni sisi, tulifunge ziwa masika nzima samaki wazaliane. Wakakubali, halafu wakanichagua mimi kuwa mlinzi. Ndiyo faida ya mdomo.

Masika hiyohiyo mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake akashuka kutoka Mahenge kuja kumtunza. Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Nikirudi nyumbani nilikuwa naanza kukohoa tangu barabarani ili apate nafasi ya kujifunika kanga. Shikamoo yangu niliitoa nyuma ya ua, na marahaba ililetwa na mke wangu. Kisha tukapata mjumbe mwingine, mtoto mwenyewe. "Mwambie baba yako kuni zimeisha," mama alikuwa akimwambia kichanga ambaye hata shingo haijakaza, nami nasikia, naenda kutafuta kuni.

Na mama alijua kupika! Kila siku kulikuwa na supu ya visamaki vidogo, ya mzazi, ili maziwa yatoke. Mimi naongeza bakuli. "Mwambie bibi yako leo ametia fora," namwambia mtoto. Nilidhani vinatoka sokoni Ifakara.

Asubuhi moja, nikiwa doria na baiskeli yangu, nikaona mtu amenipa mgongo ndani ya ziwa, anakokota chandarua. Damu ikanipanda. Nikabwaga baiskeli.

"Wewe mwizi usiye na haya! Toka humo kabla sijakutoa na fimbo!"

Akageuka. Alikuwa mama mkwe, kanga ameipandisha juu ya magoti, ndoo iko pembeni.

Mungu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikayageukia matete, nikaanza kuyaomba radhi. Naye, kwa kuwa mjumbe wetu alikuwa nyumbani, akaiambia ndoo yake: "Mwambie aondoke kwanza, nitoke majini." Labda tungeyamaliza kimyakimya, ila kulikuwa na kina mama wawili njiani, wanakwenda shambani, wamesimama wameshika midomo. Habari ilifika kijijini kabla yangu.

Nyumbani nilimkuta jirani yangu ananisubiri mlangoni. Huyu ana kokoro, wavu ule wa kukokota unaozoa mpaka matope. "Mimi nakutazama tu," akasema. "Ukimwachia mkweo, jioni naingia na kokoro langu, na nusu ya kijiji nyuma yangu." Hakuwa anatania, na ziwa lile kokoro lingelimaliza mara moja. Ndani nako mke wangu alikuwa ameshavimba. "Ukimsimamisha mama yangu mbele ya watu, huyu mtoto utamnyonyesha wewe." Niliogopa, siwafichi.

Mkutano ulipokaa, mwenyekiti akanitaka nieleze nilichokiona. Nikafungua mdomo, ule mdomo wangu maarufu, ukaeleza habari za baiskeli tu. Mama akasimama mwenyewe, uso umo ndani ya kanga, mtoto mgongoni.

"Mjukuu wangu, waambie ni mimi. Waambie ilikuwa supu ya mama yako. Na baba yako, huyo mlinzi wao, ndiye aliyekuwa anaongeza bakuli."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akavua kofia ajipepee. Sikuwa na pa kujificha. Nikaenda kusimama upande wa wakosaji, nikiacha nafasi ya heshima kati yetu. Adhabu ikatoka moja kwa wote wawili: chandarua kichomwe, na sisi tung'oe magugu yaliyoziba mlango wa ziwa. Kwa yale matusi yangu nilipeleka kuku na doti ya kanga, kupitia kwa mke wangu. Jirani alirudi kwake na kokoro lake kavu.

Basi tukang'oa, yeye upande ule, mimi upande huu, na mtoto akitumwa bila kupumzika. "Mwambie baba yako panga ni la kukata, si la kufukuzia mbu." "Mwambie bibi yako nimemsikia." Siku nyingine akamtuma aniulize kwa nini tunawaonea huruma samaki, kwani samaki nao wana uzazi gani. Nikamweleza mtoto kwa kirefu kwamba perege jike hutunza watoto wake mdomoni, bila kula, mpaka wapate nguvu. Mtoto alikuwa amelala. Bibi yake aliacha kung'oa, akasikiliza mpaka mwisho.

Siku ya kufungua ziwa kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Nikauinua mgono wangu, mtego wangu wa kusuka kwa fito, polepole, ukiwa bado nusu majini. Ndani mlikuwa na perege mmoja tu, mpana kuliko kiganja changu. Jamani! Sikuwa nimeona perege wa namna ile kwa miaka. Nikamshika kwa mikono miwili, nikapiga kelele kama mwehu, nikamwita na yule jirani aje aone.

Aliyekuja ni mama mkwe. Aliingia majini na viatu vyake, mtoto mgongoni, kanga iko mabegani. Akaniangalia usoni.

"Mkwe, mrudishe. Ana watoto mdomoni."

Nikamtazama samaki. Shavu limetuna, mdomo kaubana. Nikamshusha majini, nikamwachia. Na kwa kuwa sikujua mtu husema nini wakati kama huo, nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, yeye mwenyewe.