Shauri la Rivolva

Ndugu yangu alinunua risasi kabla ya kununua bastola. Nilipomuuliza ni nani anayenunua samli kabla hajawa na sufuria, alicheka, na kicheko kile kilinishtua, maana sikuwa nimekisikia tangu mkewe alipoondoka na watoto. Alisema katika jimbo lake kule Marekani zilivuma habari kwamba sheria ya silaha itabadilishwa, watu wakavamia maduka, naye akaingia kwenye foleni kama wenziwe. Akatoka na makasha ya risasi za bastola za magazini, zile zinazojipakia zenyewe kila unapofyatua. Halafu ikasemekana bastola hizo hasa ndizo zitakazopigwa marufuku. Sasa alitaka rivolva, ile ya silinda inayozunguka, ambayo wanasiasa hawakuitaja, lakini iwe ya aina inayokubali risasi zile zile alizokwisha kununua. Alikuwa ameona tatu. Alitaka nimchagulie.

Mimi hupokea wagonjwa katika kliniki ya meno hapa Barking. Bunduki niliyopata kuiona kwa karibu ni ya polisi wa uwanja wa ndege, na hiyo nayo niliiangalia kwa jicho la pembeni nisije nikaulizwa ninaangalia nini. Hapa London hata kisu cha jikoni nikikinunua, mashine ya kulipia inagoma mpaka aje kijana wa dukani anitazame uso ahakikishe kwamba nimeshakuwa mtu mzima. Na nywele zangu hizi zenye mvi! Mtu kama mimi ndiye aliyetakiwa kuchagua rivolva.

Lakini kwetu ndivyo ilivyo. Sisi ni watu wa Unguja, na tangu baba afariki, mashauri yote ya nyumba yananijia mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Majina ya watoto, viwanja, magari, mpaka godoro. Mkubwa ni jaa, kila mtu anakuja kumwaga lake. Na shauri lina adabu zake. Mdogo haulizi kama anunue. Anauliza anunue ipi. Na mkubwa naye hasemi hapana, kwa sababu hapana inavunja moyo na haisahauliki. Mkubwa anauliza swali, akijibiwa anauliza jingine, na maadamu bado ana swali, jambo halijaiva na hakuna anayeligusa. Baba alimhoji mchumba wangu wa kwanza hivyo hivyo, kwa upole na tabasamu, mpaka mwenyewe akachoka akaenda kuoa kwingine.

Nami nikaamua kuuliza.

Niseme wazi niliogopa nini. Wezi wa Marekani hawakunihusu. Niliogopa kwamba ndugu yangu atajiua. Neno lenyewe ndilo hilo, na sikuwa nimelitamka mbele ya mtu yeyote. Alikuwa ameacha kupika. Simu alikuwa hapokei, au anapokea halafu tunasikilizana pumzi. Siku moja aliniambia nyumba imekuwa kimya sana hata anaacha bomba la jikoni lichirizike ili pawe na sauti. Nilimwambia nitakuja, akasema nyumba haijakaa sawa, nisubiri kidogo. Mtu anayeishi hivyo anakuletea picha za bastola tatu, wewe utalala?

Sikulala, na mchana sikutulia. Nilishuka kwenye basi vituo viwili kabla ya kwangu kwa kuwa sikuweza kukaa kitini. Nilikosha vyombo visafi. Kliniki nilimpa mgonjwa miadi ya mtu mwingine, nikaomba radhi mara mbili kwa kosa moja.

Ili uulize maswali ya bastola lazima ujue kitu kuhusu bastola, kwa hiyo nikaanza kusoma. Nilisoma kwenye simu, nimeinamisha kioo kama mtoto anayeficha peremende, maana mwanamke wa Kiislamu, mtandio kichwani, anayesoma habari za rivolva ndani ya basi la London anajitafutia balaa. Binti yangu aliona siku moja nilipoacha simu mezani. Huyu amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote na anajibu kwa Kiingereza. Akanitazama. "Mama, you can't be looking at this stuff," akasema, ati mambo haya si ya kutazama. Nikamwambia ni kwa ajili ya mjomba wake. Hapo hofu yake ikazidi.

Nilijifunza kwamba risasi za bastola ya magazini hazina ukingo kitakoni. Risasi za rivolva za kawaida zinao, na ukingo huo ndio unaoshikwa pale unapotoa maganda kwenye silinda. Zisizo na ukingo hazishikiki. Kwa hiyo wameziundia kibati chembamba cha chuma, cha duara, chenye meno, unazipachika risasi zote humo na kuzitia kwa pamoja. Basi nikauliza: kibati kikipinda? Akasema silinda inakwama. Nikauliza: na kikipotea? Akasema ziko rivolva zinazofyatua bila kibati, ila maganda itabidi uyachokoe moja moja kwa kijiti. Nikamwambia hiyo ni bastola au meno ya kuchokoa? Akacheka tena. Ya kwanza ilikuwa na mtutu mfupi, nikauliza kama haitaruka sana mkononi. Ya pili ilikuwa nzito, nikauliza mtu wa mgongo mbovu kama yeye ataibebaje. Ya tatu kipigio chake, kile kinyundo kinachogonga risasi, kimefichwa ndani, nikauliza utajuaje kama imekaa tayari.

Nikawa sasa nampigia kila nikitoka kazini, kwake ni mchana. Na jambo hili sikulitegemea: alikuwa anapokea mlio wa kwanza. Alikuwa anajibu kwa urefu, anaeleza kwa mikono mpaka simu inamponyoka. Mara nyingine tuliiacha rivolva tukaingia kwenye mambo mengine, pweza wa mama, jirani yetu wa zamani aliyekuwa akigombana na kuku. Akaniambia amepika wali. Nilifurahi, na furaha yenyewe iliniumiza, kwa kuwa ilikuwa juu ya mgongo wa bastola. Kila nikikata simu nilizunguka chumba nikitafuta swali la kesho. Maswali yalikuwa yanakwisha. Nilisoma mambo ya sheria ya jimbo lake, nikamwuliza kama rivolva nazo hazitapigwa marufuku baadaye, akajibu vizuri kabisa. Nikamwuliza kama vibati vitaendelea kupatikana. Akajibu. Nilikuwa nachota kisima ambacho kamba yake imeshagusa tope.

Jumapili moja mchana, kwake bado asubuhi, nilimpigia nikiwa nakunja mataulo sebuleni, binti yangu amekaa kwenye kochi. Swali nililokuwa nalo lilikuwa dhaifu na nililijua. Nikamuuliza kama chuma cha silinda hakishiki kutu kikikaa sana bila kutumika.

"Hakishiki," akasema. "Yangu haijashika."

Nikaweka taulo chini. Nikamuuliza yake ipi. Nikasikia bomba lake likichiriza.

"Dada, nshainunua. Zamani."

Zamani lini, nikauliza. Akasema kabla hata sijaanza mambo ya vibati. Alikuwa amekwenda dukani siku ile ile aliyoniletea picha, akachukua ile nzito.

Nilipandwa na hasira kwanza, sitaficha. Mimi na simu yangu kwenye mabasi, mimi na meno ya vibati, nikidhani nimeishika sheria ya baba mkononi na kwamba hakuna kitakachoguswa mpaka niridhike. Kumbe nimeshika hewa. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini basi aliniacha niulize siku zote zile.

"Nliogopa ukimaliza maswali hutopiga tena."

Nikakaa juu ya mataulo. Hasira ikaondoka, hofu ikabaki peke yake. Kwetu yako maneno ambayo hatuyasemi, tunaogopa kuyaita yaje. Nililisema.

"Unataka kujiua?"

Binti yangu akainua kichwa. Kiswahili hicho alikisikia.

"Kuna siku nataka," akasema ndugu yangu.

"Leo?"

"Leo sijui, dada."

Nikamuuliza iko wapi. Akasema kabati la jikoni, imepakiwa. Nikamwambia asiiguse, asilifungue hilo kabati, atoke nje hivi hivi alivyo na simu sikioni. Nikamuuliza ni nani aliye karibu anayeweza kuja kuichukua. Akafikiri sana, na kule kufikiri kwake kuliniuma, mtu amekaa mtaa mmoja miaka yote anatafuta jina la jirani. Mwishowe akamtaja mzee wa nyumba ya pili, mstaafu, mwenye kabati la chuma la silaha zake, waliwahi kuzungumza mara mbili tatu kwenye uzio. Nikamwambia aende kwake, amwambie maneno yale yale aliyoniambia mimi. Akasema ataona haya. Nikamwambia aone haya, lakini aende. Binti yangu, bila kuambiwa, alikuwa ameshashika simu yake anatafuta namba ya msaada ya kule.

Nikamsikia anafunga mlango. Nikasikia upepo, na viatu vyake kwenye changarawe. Nilikuwa nimesimama dirishani natazama magari ya Barking na sioni hata moja.

Akafika, akabisha. Kimya. Akabisha tena, akasema hodi kwa Kiswahili, sijui kwa nini, mzee yule hakijui. Akabisha ya tatu.

Kwetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa unaondoka, na humlaumu mwenye nyumba. Tulilelewa hivyo sote wawili, na mimi ndiye niliyemfundisha, nikimshika mkono tulipokuwa tunatumwa nyumba za watu. Nikasikia changarawe, viatu vinageuka.

"Hakuna mtu, dada. Narudi nyumbani."

"Usirudi," nikamwambia. "Bisha ya nne."