Gego Langu Lahamia Bungoma

Sisi wanunuzi wa mahindi wa Kwanza, kule karibu na Kitale, kipimo chetu ni jino. Unatoa punje guniani, unaiuma: ikilia ka, imekauka, ikinyamaza, mwenyewe arudi akaanike. Msimu huu niliuma punje, kumbe ni kokoto. Gego langu la kulia likapasuka. La kushoto lilikwisha ng'olewa zamani, kwa hiyo nikabaki na biashara isiyo na kipimo.

Kitale, daktari wa meno alinipiga picha akasema hilo halitengenezeki. Ila nyuma yake kuna jingine limelala ndani ya ufizi, halijawahi kutoka. Bungoma yuko mwenzake anayeweza kulitoa na kulipanda kwenye pengo. Nilidhani ananitania. Mche wa sukuma wiki huhamishwa, lakini jino?

Kimilili, matatu ya Bungoma iliposimama, harufu ya mahindi ya kuchoma ilinifuata hadi dirishani. Niligeuza uso. Nusura nishuke nirudi nyumbani.

Bungoma nilimkuta daktari mwenyewe, mwanamke mpole asiyependa kudanganya mtu.

"Litashika, mama, usipolisumbua."

"Na lisiposhika?"

"Basi tutakuwa tumepoteza yote mawili."

Niliogopa kweli. Nilisali sala zote ninazozijua, na moja ya jirani yangu Mwislamu. Daktari alinichoma sindano ya ganzi, akang'oa lililopasuka, akalitoa gego lililolala, akalipanda pengoni, akalifunga kwa waya kwenye jino la pembeni. Nisitafune kitu kigumu mpaka aseme yeye.

Kibabii, nje kidogo ya mji, nilifikia kwa wifi yangu Nafula. Asubuhi uji, jioni uji. Majirani walikuja kunipa pole, na kila mmoja akataka nifungue kinywa aone.

"Ati rimetoka huku rikaenda huku?" Nafula aliwaeleza akinishika kidevu. "Na riko na mizizi yake, bana."

Asubuhi moja alikuwa ameanika mahindi uani. Nikapita, nikaokota punje, nikaiuma. Mkono ulitangulia, akili ikafuata. Maumivu yalinikalisha chini. Nafula alinikimbiza kwa daktari, nami nikilia njia nzima.

"Umeuma nini?"

"Punje ya mahindi."

"Kwa nini, mama?"

"Nilitaka kujua kama yamekauka."

Alikagua. Waya ulikuwa umelishikilia. Akanawa mikono, kisha akauliza, "Na yalikuwa yamekauka?"

"Bado."

Nafula, aliyekuwa amenishika mkono, akauachilia.

Nilirudi Kwanza. Kwa majuma mengi nilinunua kwa kuzamisha mkono guniani na kusikiliza punje zikigongana, huku wakulima wakinicheka. Safari hii imenifunza kwamba mtu anaweza kutembea na akiba mdomoni asiijue, na kwamba mazoea yana taabu. Daktari aliponiruhusu hatimaye, nilitia punje kinywani mbele ya mzee mmoja na gunia lake. Ikalia ka. Machozi yakanitoka hapo hapo.

Mzee akalitazama gunia lake, akanitazama mimi.

"Usilie, mama," akasema. "Si nitakupunguzia bei tu."