Amplifaya ya Mnada wa Kanisani

Wiki nzima sikutulia. Pale kibandani kwangu Makambako, ninapotengeneza redio na amplifaya, niliunguza kidole kwa chuma cha kulehemu, nikamfokea mteja asiye na kosa, nikasahau chai mpaka ikapoa. Wazee wa kanisa la baba, kule Mjimwema, Njombe, walikuwa wamempigia simu: mnadani haeleweki tena, labda apumzike.

Apumzike! Kila Jumapili baada ya ibada, sadaka za shambani hunadiwa uwanjani: kuku, viazi, maparachichi, mikungu ya ndizi. Mnadi ni baba tangu sijaanza shule, na tangu astaafu kazi, mnada ndio unaomtoa nyumbani. Nikawaambia tatizo ni amplifaya, wanipe niitengeneze. Nilisema kwa ukali, kama mtu anayeogopa kuulizwa ana uhakika gani.

Nilipoifungua nikacheka kwa hasira. Amplifaya nzuri huchukua kipande kidogo cha sauti inayotoka, ikakigeuza na kukirudisha kule sauti inakoingia. Hapo mkwaruzo ambao mashine imejiongezea kwa kiherehere chake hupingwa, ukafifia. Hasara yake ni kwamba nguvu ya sauti nayo hupungua. Sasa watu wetu wa mnada wanataka kelele zifike hadi barabarani. Fundi fulani akawaridhisha: alibadilisha rezista inayorudisha kile kipande, kikawa hakirudi vya kutosha. Sauti ikawa kubwa kweli, lakini ikawa inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Nikaweka rezista inayofaa. Nikajaribu, sikuridhika, nikajaribu tena.

Jumapili nilisimama karibu na spika.

"Binti, mbona umeipunguza?" mzee mmoja wa kanisa akalalamika.

"Subirini kwanza mumsikie," nikamjibu, na sikumtazama usoni.

Baba akainua jogoo, akasalimia kwa Kibena kama kawaida yake: "Kamwene!"

Sauti ilitoka safi kabisa, haina mkwaruzo hata chembe. Ndipo sote tukasikia kwamba ulimi wake ulikuwa mzito. Neno lilianza vizuri, likalegea, likaishia pembeni mwa mdomo. Watu wakamwitikia kwa upole, upole ambao sikuupenda hata kidogo. Nilitamani kuizima ile amplifaya. Nilitamani kumtafuta yule fundi nimwombe aturudishie kelele zake.

Baba akaitazama spika. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kujisikia anavyosema. Akajaribu kutaja bei ya kuanzia, akaishia njiani. Kisha akanikabidhi jogoo na maikrofoni, akaniinamia sikioni.

"Mama," akasema polepole, akilisukuma kila neno, "nadi wewe. Kesho unipeleke hospitali."